Projekti ya grupu kuhusu kulinda wanyama na makazi yao, tumekwama wiki ya pili, naombeni mawazo

katibu_kwa_lazima
Habari zenu wakuu. Tuko sita kwenye grupu, ticha wa bailojia katupa wiki 8. Kasema tutafute jambo moja ambalo binadamu anawaharibia maisha viumbe wa porini walioko jirani na shule alafu tulifanyie kitu, sio kuandika ripoti tu. Sasa hii ni wiki ya pili na kazi yetu ni kubishana kwenye simu. Wawili wanataka kupanda miti, mmoja anataka mabango ya TUNZA MAZINGIRA, mmoja kang'ang'ania tembo na huku kwetu tembo tunawaona kwenye picha tu, mwingine anasoma meseji hajibu kitu, na mimi nimesukumiwa ukatibu kwa sababu nina mwandiko mzuri. Wiki 8 ni kidogo na hela hatuna. Mliowahi kufanya, kitu gani kinawezekana kweli?

bundi_mzee
Anza kwa kujiuliza mtahesabu nini. Ukishindwa kutaja kitu cha kuhesabu basi hiyo projekti ni ya picha tu.

Nakupa yangu. Enzi zetu tulipanda miche kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya shule, tukapiga picha, tukapata maksi nzuri, likizo ikaja hakuna wa kumwagilia, ikafa karibu yote. Hilo sio baya kuliko yote, baya ni kwamba pale kwenye zile nyasi kulikua na ndege wanaotaga chini na vipepeo kibao, na sisi tulipitisha majembe bila hata kuangalia, yani tuliharibu makazi kwa jina la kuyalinda. Nyasi nazo ni makazi jamani, sio kila pahala panataka mti, kuna viumbe ukiwawekea kivuli wanahama.

Alafu chimbeni sababu kabla ya kuja na dawa. Someni habari ya tai wa India, Pakistan na Nepal. Kuanzia miaka ya 90 walikufa mpaka baadhi ya aina zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Watu waliwaza ugonjwa, waliwaza sumu za shambani, kumbe ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokua wanapewa ng'ombe, tai akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa nayo figo zinakufa. Hilo lilijulikana 2004, na 2006 nchi hizo zikaanza kuipiga marufuku kwa mifugo. Sasa fikiria mtu angepanda miti ya viota kila kona, tai wangeendelea kufa tu juu ya miti mizuri.

kasuku_wa_ghorofani
Bundi kasema kweli ila kawatisha watoto 😂

Mi nawapa kitu cha bure na kiko hapo hapo shuleni: vioo vya madirisha. Ndege hajui kioo, yeye anaona mti na anga vilivyoakisiwa anadhani njia iko wazi, anakuja na spidi yake yote anajipigiza. Marekani peke yake utafiti wa 2014 ulikadiria ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kila mwaka wanakufa hivyo, na watu wengi wanaopita chini ya hayo majengo hawajawahi kuona hata mmoja kwa sababu mizoga hailali, kunguru na paka wanawahi na wafagiaji wanamalizia.

Kwaiyo mzunguke asubuhi mapema kabla ya kufagiwa, kila siku, njia ile ile, muandike tarehe, dirisha gani, ndege gani, na mkikosa mwandike sifuri. SIFURI NI DATA msije mkaziruka siku ambazo hamjaokota kitu. Angalieni pia alama za vumbi la manyoya kwenye kioo, wakati mwingine ndege kaondoka kwenda kufia mbele lakini kaacha chapa ya mabawa. Na msishike mzoga mikono mitupu, pigeni picha basi.

Dawa yake ni kuweka vidoa au mistari kwa NJE ya kioo, nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5. Nje kwa sababu mwakisiko uko nje, ukibandika ndani haionekani. Ile stika moja ya mwewe ambayo kila mtu anaibandika katikati ya dirisha haisaidii, ndege anamkwepa mwewe anaingia pembeni yake, kioo si bado kipo. Kipande cha sabuni kinachora vizuri tu na mvua ikiosha mnarudia.

miguu_majini
Kama kuna kijito karibu mi ningeenda kwenye maji. Mnachukua kichujio na beseni jeupe, mnageuza mawe, mnaangalia wadudu wadogo wanaoishi chini, juu ya pale uchafu unapoingilia na chini yake, mnalinganisha. Wapo wanaotaka maji safi yenye oksijeni ya kutosha, mfano vile vidudu vyenye mikia mitatu myembamba na vijani vya kupumulia ubavuni, hao wakipotea ujue kuna jambo. Wapo wavumilivu kama vile vibuu vyekundu vyembamba kama uzi, hao ukikuta wamejaa peke yao hapo pamechoka. Uzuri wake mdudu amekaa hapo wiki na wiki, kipimo cha maji kinakwambia leo tu, uchafu wa juzi usiku kinaukosa.

Ila sababu ya wiki 8 zenu kurekebisha ndo ngumu, mtaishia kupima. Mkiwa na mwaka mngeacha majani yaote kingoni yachuje tope na mbolea kabla havijafika majini. Na viatu mvikaushe kabla ya kuhamia kijito kingine maana kuna kuvu anaua vyura anasafiri na maji na tope la miguuni kwa watu.

kasuku_wa_ghorofani
@miguu_majini ndo maana nimesema vioo 😄 wiki 8 zinatosha kabla na baada

bundi_mzee
Zinatosha wakipanga vizuri. Msiweke alama vioo vyote kwa mpigo, maana ndege wakipungua mtajuaje ni alama au ni msimu tu wa kuhama umeisha? Wekeni nusu, nusu iacheni, katikati ya safari mgeuze. Na yule wa mabango msimfukuze, bango halisomwi na ndege lakini mwenye funguo za jengo anasoma, afanye moja lenye namba zenu zenyewe.

katibu_kwa_lazima
Dah asanteni sana. Nimewasomea wenzangu uzi wote, tumekubaliana vioo. Jana tumezunguka mara ya kwanza, ukuta wa maktaba una vioo virefu na mti mkubwa mbele yake, tumekuta chapa tatu za mabawa na ndege mmoja mdogo wa kijani chini, na aliyemuona ni yule yule wa tembo, sasa hivi ndo anatuamsha asubuhi kwa kupiga simu. Yule asiyejibu meseji bado hajibu ila amekuja na rula.

Swali la mwisho, msimamizi wa jengo anasema kuchora sabuni ni kuchafua madirisha yake. Tumwambieje?

kasuku_wa_ghorofani
Msimwambie kitu kwanza. Hesabuni wiki mbili kimya kimya, mchore ramani ya ukuta mweke nukta kila mahali palipopigwa, alafu mpelekeeni mkaombe dirisha MOJA tu, lile lenye nukta nyingi. Na mjitolee kulifuta wenyewe mkimaliza, wengi wanaogopa kazi ya kufuta kuliko hiyo sabuni yenyewe.

miguu_majini
Na mwendeni mkiwa na yule wa rula, watu wa majengo wanapenda mistari iliyonyooka