Nimepata nafasi ya kujitolea kufundisha viziwi Ghana mwaka mzima, niende? Naombeni ushauri

Ticha wa Ziwani: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimesomea chuo cha ualimu Patandi, nina miaka saba kazini kwenye kitengo cha viziwi shule moja ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Kuna shirika limenikubalia nikajitolee kwenye shule ya viziwi Ghana mwaka mmoja, nyumba wanatoa, hela ya kula wanatoa, nauli wanarudisha nusu, mshahara hakuna. Wiki ya tatu hii silali. Anayejua likizo bila malipo inachukua muda gani kwa mkurugenzi anisaidie, na maisha ya kule yakoje. Matusi hapana jamani.

Boda wa Igoma: Naweka kigoda hapa nasubiri wajuzi. Ila kujitolea mi sishauri, nilijitolea shule ya kata miaka miwili naahidiwa ajira nikaambulia vidonda vya tumbo.

Mstaafu 60: Barua ianzie kwa mwalimu mkuu, iende kwa afisa elimu, ndo ifike kwa mkurugenzi. Usiondoke kabla hujajibiwa kwa maandishi binti yangu, ukizidisha siku tano bila ruhusa unahesabika mtoro na kazi inaweza kwenda.

Mama Vitenge: Accra nimekaa miezi nane nafuata mzigo. Watu wakarimu ila kenkey yao ni unga wa mahindi uliochachushwa, siku ya kwanza nililia, na pilipili wanaweka mpaka unasahau jina lako, mwezi wa pili nikawa naitafuta mwenyewe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usisahau, uwanja wa ndege wanaiulizia.

Boda wa Igoma: Swali la kizushi, si mabubu dunia nzima wanaelewana? Sasa wanaagiza mwalimu Tanzania ya nini?

Fundi Cherehani: Mimi ni kiziwi, nimesoma shule ya viziwi Tabora. Sio bubu kaka, ni kiziwi. Na hatuelewani dunia nzima, Muingereza kiziwi na Mmarekani kiziwi hawaelewani japo wote nchi zao wanaongea Kiingereza. Lugha ya alama ya Ghana asili yake Marekani, alizipeleka Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepata uziwi ana miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Alimaliza Gallaudet, chuo cha viziwi Marekani, 1954, 1957 akafungua shule ya viziwi Ghana, akaendelea kufungua nchi nyingine mpaka shule zikapita 30. Alikufa 1987 kwa ajali ya ndege Rwanda. Kwahiyo dada ujue miezi ya kwanza wewe ndo utakuwa mwanafunzi, watoto ndo walimu.

Ticha wa Ziwani: Asante sana kaka, hilo nalijua, nimeanza kujifunza kwa video. Nirudi kwenye likizo, kuna aliyewahi kukataliwa?

Mama Tatu: Mdogo wangu mbona unazunguka. Mtu hakosi usingizi wiki tatu kwa barua ya mkurugenzi. Una mtoto?

Ticha wa Ziwani: Mmoja, wa kiume, ana miaka sita. Atabaki kwa mama yangu kijijini.

Mama Tatu: Anasikia?

Ticha wa Ziwani: Hapana.

Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili. Nilijua mkijua hamtanijibu kingine ndo maana sikuandika. Naombeni mnielewe, shirika haliruhusu kwenda na mtoto nimewaomba mara mbili, na siendi kutembea, Mampong kule Ghana wana mpaka sekondari ya viziwi wenyewe, mimi miaka saba nafundisha watoto wanaishia la saba wanarudi kuchunga, nataka nione kwa macho yangu wanavyowafikisha mpaka kumaliza sekondari ili nikirudi nijue wangu nampitisha wapi. Na tiketi nimeshalipa.

Mjoli: Maandiko yako wazi kuhusu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Unaacha wako unaenda kulea wa wenzio?

Mama Tatu: Tiketi umelipa halafu unaomba ushauri. Huko kijijini kuna kitengo?

Ticha wa Ziwani: Hakuna. Atapumzika mwaka mmoja tu, bado mdogo.

Fundi Cherehani: Dada mimi nimefika Tabora nina miaka tisa sijui hata kama nina jina. Nyumbani walikuwa wananipenda sana, ila walikuwa wananivuta mkono tu, njoo, kaa, toka. Huo mwaka usiuite wa kupumzika.

Komredi Chai: Wakuu mnalishwa chai, tena ya rangi. Akaunti imefunguliwa mwezi huu, mwalimu wa viziwi, mtoto kiziwi, mwaliko wa Ghana, vyote kwa mtu mmoja? Kesho ataweka namba ya kuchangia. Weka picha ya tiketi.

Boda wa Igoma: Hapo nakazia.

Ticha wa Ziwani: Siweki tiketi, ina jina langu na mwajiri wangu hajajua. Sijaomba hela ya mtu.

Fundi Cherehani: Ngoja nimuulize mimi. Umeme ukikatika usiku mnaongeaje na mtoto?

Ticha wa Ziwani: Simu naiwasha tochi naibana kwa kidevu, mwanga unaangukia mikononi. Chaji ikiisha ananishika mikono yote miwili naonyesha alama polepole anasoma kwa kugusa. Akiwa na usingizi anaachia mkono mmoja, ndo najua nimalizie.

Fundi Cherehani: Sio chai hii. Mama yangu alijifunza nikiwa na miaka 12, na yeye alikuwa anabana tochi hivyohivyo.

Komredi Chai: Basi yaishe. Samahani dada.

Mama Tatu: Sasa huyo mtoto akikukumbuka ukiwa Ghana atakupigiaje? Bibi ana simu gani?

Ticha wa Ziwani: Kitochi.

Boda wa Igoma: Za laki na nusu zenye kamera ya mbele zipo, nikuelekeze duka hapa Mwanza?

Fundi Cherehani: Kabla ya simu, bibi anajua alama ngapi?

Ticha wa Ziwani: Anajua kula, lala, maji na choo. "Mama anarudi" hajui.

Mama Tatu: Ndege ni lini?

Ticha wa Ziwani: Tarehe 9. Jumamosi naenda kijijini.