Migresheni zimepita mia na indeksi zimerudiana, nianzie wapi?

kilindini_dev:
Salaam aleikum wakuu. Nna mfumo wa mawakala wa forodha, umejengwa kwa Django (fremuweki ya Python) na databesi ya Postgres. App ya kontena peke yake ina migresheni (faili za kubadili umbo la databesi hatua kwa hatua) zaidi ya mia, kuna kolamu iliongezwa ikabadilishwa jina ikatolewa kisha ikarudishwa na jina lile lile la kwanza sababu mteja kageuza maneno. Tukiendesha testi yajenga databesi toka sifuri yapitia zote hizo, mtu waenda kunywa kahawa tungu warudi bado. Na indeksi, zile za kuharakisha utafutaji, ndo usiseme: meli_id ina yake, kisha iko nyengine ya meli_id na tarehe_kufika pamoja, halafu namba ya kontena ina mbili, moja jina laishia _like na hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika. Mwenzangu asema tufute folda nzima ya migrations tupige makemigrations (amri ya kuandika migresheni) upya yaishe. Mimi roho yasita, tuna wateja kadhaa kila mtu na seva yake na hawako toleo moja. Nyie mwafanyaje?

mwana_wa_tudor:
Mimi nafuta tu yakhe. Bekapu kwanza, kisha futa faili, makemigrations, safisha rekodi za app hiyo kwenye django_migrations (jedwali la kumbukumbu ya migresheni zilizopita), halafu migrate --fake, yaani ziandikwe zimepita bila kuendeshwa. Dakika chache kazi kwisha.

pwani_backend:
@mwana_wa_tudor hiyo ni sawa kama una databesi moja na waijua ndani nje. Huyu ana seva za wateja, aliye nyuma kidogo akipigiwa --fake ataandikiwa kwamba kolamu iko na haiko, makosa yatatoka siku nyengine kabisa na hakuna atakayekumbuka yametoka wapi. Pia makemigrations yasoma modeli tu, kama mliandika trigger au view kwa RunSQL (SQL ya mkono ndani ya migresheni) haitaziona, seva za zamani zitaendelea nazo na mteja mpya atawekewa mfumo usio nazo.

@kilindini_dev tumia squashmigrations, yabana migresheni nyingi kuwa moja, kwa mfano python manage.py squashmigrations kontena 0087, usibane mpaka ya mwisho kabisa, bakisha zile ambazo bado mwazichezea. Utapata faili moja yenye orodha ya replaces (majina ya zile inazozibana), na zile za zamani ziache hapo hapo zikae pamoja. Aliyekwisha endesha zote, Django yamuandikia kwamba hii mpya pia ishapita bila kugusa jedwali, seva tupu yaendesha mpya moja kwa moja, na yule aliyekwama katikati yamuendeleza na zile za zamani mpaka afike. Ndo dawa ya wateja wako hao. Wakishavuka wote, kweli wote, ndo wafuta za zamani, watoa replaces, na migresheni yoyote iliyokuwa yategemea zile zilizofutwa waielekeza kwa mpya. Rekodi zilizobaki kwenye django_migrations, toka Django 4.1 kuna migrate kontena --prune ya kuzifuta.

Panapochosha ni RunPython, yaani function ya Python inayoendeshwa ndani ya migresheni. Django haiwezi kuruka juu yake ikipunguza operesheni, so unabana mia unajikuta faili ni refu vile vile. Zile za kurekebisha data mara moja tu ziwekee elidable=True zitaondolewa, lakini zile zinazojaza vitu vya lazima kama orodha ya bandari ziache, na function zake utazinakili kwa mkono kwenye faili jipya.

Ukimaliza jenga databesi mbili, moja kwa njia ya zamani moja kwa mpya, piga pg_dump --schema-only (yatoa umbo la databesi bila data) zote mbili ulinganishe. Mpangilio wa kolamu ukitofautiana usishtuke, kingine chochote shtuka. Na kwa hizo testi, leo hii hii weka --keepdb, databesi ya testi isijengwe upya kila mara, upumue.

bi_kwale:
Habari za indeksi zifanye kando jamani, msizitie kwenye kubana, la sivyo kikiharibika kitu hamtajua ni kipi.

Ya meli_id yatoka kwa ForeignKey (kiungo cha jedwali jingine), Django yaiweka yenyewe. Kama iko (meli_id, tarehe_kufika) na meli_id ndo ya kwanza, hiyo yatosha kutafuta kwa meli pekee, weka db_index=False. Ingekuwa tarehe mbele ningekwambia usiguse. Hiyo _like nayo si ya kurudia, Django ndo huiongeza kwa CharField yenye unique au db_index ili kutafuta kwa mwanzo wa namba kufanye kazi, mtu akiandika MSKU.

Kabla ya kutoa yoyote angalia idx_scan (mara ngapi indeksi imetumika) kwenye pg_stat_user_indexes, na usihukumu kwa wiki moja maana ripoti ya mwisho wa mwezi huenda ndo yaitumia. Ya unique hata ikisoma sufuri iache, kazi yake ni kuzuia namba isirudiwe. Kama una replika (nakala ya databesi kwenye seva nyengine) iangalie kivyake, hesabu zake haziji kwa seva kuu.

kilindini_dev:
Ahsante sana dada. Sasa makarani wangu hawaandiki MSKU, waandika tarakimu za mwisho nne, na bandari haifungwi usiku ati nisubiri walale.

bi_kwale:
Basi hapo hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayowasaidia, kila wakitafuta jedwali lasomwa lote. Wataka pg_trgm, nyongeza ya Postgres ya kutafuta kwa vipande vya maneno, na indeksi ya aina ya GIN. Kama mwatumia icontains (kutafuta popote ndani bila kujali herufi kubwa au ndogo) iweke juu ya UPPER(namba), bila hiyo Postgres haitaitumia. Iunde kwa AddIndexConcurrently, na kwenye hiyo migresheni weka atomic = False maana haikubali ndani ya transakisheni, kuandika kutaendelea kama kawaida. Ikikatika njiani itabaki INVALID, itoe uanze tena. Ukiona EXPLAIN (amri ya kuonyesha Postgres yatafutaje) yaitumia, hapo rudi kwa kazi ya kuitoa ile ya meli_id.