Mama kapooza na ana kisukari, usiku sukari inamshuka: naombeni ushauri wa kumuuguza nyumbani

MwanaUjiji
Wakuu habari za humu. Niko Ujiji, Kigoma. Mama ana miaka 67, kisukari anacho siku nyingi. Mwezi wa pili alipata kiharusi. Upande wa kulia hausogei na kauli imekatika. Anaelewa unachomwambia, ila kinachotoka ni "ee" tu. Ameruhusiwa kurudi nyumbani, tunamuuguza mimi na binti wa kaka yangu.

Alhamisi saa kumi alfajiri nilimgusa, shuka limeloa. Nikadhani mkojo, kumbe jasho la baridi. Macho yamelegea, namwita hageuki. Jirani akasema kiharusi kimerudi. Shangazi akasema atafutwe mtu wa kumsomea. Tukampakia kwenye bajaji, hospitali wakamtoboa kidole: sukari 2.1! Wakamtia maji ya sukari kwenye mshipa, dakika chache tu akafungua macho akanitazama.

Jioni yake nilikuwa nimempa kidonge chake cha kisukari, glibenklamidi, kama kawaida. Uji alikunywa vijiko vitatu, akapaliwa, nikaacha. Roho inaniuma mpaka leo. Mtu asiyeweza kusema "nasikia vibaya" nitamjuaje? Tena naona juu ya mfupa wa mkia ngozi imekuwa nyeusi na ya moto. Nisaidieni.

NesiMstaafuTabora
Pole sana mwanangu. Kosa lako ni la kutoambiwa, wala si la kutojali.

Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mzima ambaye figo zimechoka inakaa zaidi. Tumbo likiwa tupu, yenyewe inaendelea tu kushusha sukari. Kwa hiyo usimpe kabla hujamwona anakula. Akigoma kula, mpigie daktari kabla ya kumpa. Tena mrudishe kliniki na kadi yake, ueleze hiyo 2.1, dozi iangaliwe upya au dawa ibadilishwe.

Sukari ikishuka sana mtu anaweza kulegea upande mmoja na kuchanganyikiwa, ukaapa ni kiharusi. Ndiyo maana mama akibadilika ghafla, iwe jasho, kutetemeka au usingizi usio wa kawaida, toboa kidole kwanza. Chini ya 4 na yuko macho, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya uji mzito kidogo, upime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Na hata kama sukari iko sawa lakini mdomo umepinda au mkono umezidi kulegea, nendeni palepale.

Kupaliwa: mkalishe wima kabisa, kidevu kiiname kidogo, nusu kijiko upande wa kushoto ulio mzima. Subiri ameze ndipo uongeze. Maji na chai ndivyo vinavyokimbilia kwenye mapafu, uji mzito una nafuu. Ukimaliza chungulia shavu la kulia, chakula hujificha humo, kisha abaki amekaa nusu saa. Ombeni hospitali wampime kumeza.

Halafu mwekee kijiko na kifuniko cha sufuria upande wa mkono wa kushoto. Akijisikia vibaya agonge.

MzeeWaMwanga
Nilimuuguza baba miaka miwili. Huo weusi usiuache hata siku moja, ni kidonda kinaanza. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku tegesha simu. Usipasugue wala kupaka spiriti. Mto uweke chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee.

Baba alikuwa na ganzi. Tulimwekea chupa ya maji ya moto miguuni apate joto, asubuhi kidole kimeungua na hakuhisi lolote. Kile kidonda kilitutesa kuliko kiharusi chenyewe. Maji ya kumuogeshea pima kwa kiwiko, miguu ikague kila siku hadi katikati ya vidole. Na mkono uliopooza msiuvute mnapomnyanyua, bega linachomoka.

Kasulu_Moja
Mkuu kuna mzee huku anachua kwa mafuta, wengi wamenyanyuka.

NesiMstaafuTabora
Dua ombeni, mimi mwenyewe naomba. Lakini vidonge vya presha na kisukari visiachwe kwa ajili ya mafuta, na mguu wenye ganzi usichuliwe kwa nguvu.

MwanaUjiji
Shikamoo mama, na asanteni wote. Daktari amepunguza kidonge kikawa nusu. Mgebuka namchambua miiba, nausaga na viazi, anameza bila kukohoa. Ule weusi umeanza kufifia.

Alfajiri ya leo nimesikia kijiko kinagonga. Nimeruka, nimepima: 3.6. Uji wenye sukari, dakika 15, imepanda hadi 5.2. Jua likichomoza tunarudi kliniki kuuliza juu ya hiyo nusu iliyobaki.