Kompyuta isome picha ya kifua, mgonjwa aambiwe nini?

Chuma Chakavu: Wakuu, bi mkubwa kakohoa wiki tatu, nikampeleka. Wamempiga picha ya kifua, kompyuta ikapaka wekundu juu ya pafu la kulia na kuandika 0.71. Daktari hayupo. Hiyo akili mnemba ya kuaminiwa kweli?

Radiografa Mstaafu: 0.71 si majibu, kijana, ni kengele. Ikivuka kiwango kilichowekwa, mgonjwa anatoa makohozi yanakwenda GeneXpert, mashine ya maabara inayosaka vimelea vya TB. WHO iliridhia tangu 2021 programu isome picha badala ya mtu kwenye uchunguzi wa awali wa TB, kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Watu wa vijijini hawaelewi haya, kazi kulalamika.

Chuma Chakavu: Kijijini umeniona lini?

Mama Tausi: Mwache, kiinua mgongo kimempanda kichwani. Aliyewahi kuugua TB akapona, pafu lina kovu. Kompyuta itajua ni la zamani? Na mchimbaji mwenye vumbi la mawe kifuani je?

Kihonda Kwetu: Mbona panya mmemkubali? Hapa Moro, chuo cha kilimo SUA, panya buku wananusa TB kwenye makohozi tangu 2007. Sampuli 100 kwa dakika 20, na darasa la saba hajafika.

Mama Tausi: Panya namwona kwa macho, anapewa ndizi yake anakula. Hiyo programu nitamshika nani mkia?

Chuma Chakavu: Si ndiye yule aliyepewa medali kwa ajili ya TB?

Kihonda Kwetu: Unachanganya madesa. Huyo ni panya Magawa, alipewa ya dhahabu 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Ila ni mzaliwa wa Tanzania, hilo msituibie.

Mmakonde Halisi: Sisi wa Newala tunasoma tu. Kitoweo kinavalishwa medali!

Kihonda Kwetu: Ukikanyaga Moro tunakupekua mfuko.

Radiografa Mstaafu: Hata panya akinusa, maabara inathibitisha. Ndicho nilichosema tangu mwanzo, mkakimbilia panya.

Mama Tausi: Ulianza kwa kutukana watu, ulitegemea tusikilize? Kovu nalo hujalijibu.

Radiografa Mstaafu: Kovu linaidanganya, kweli. Hata sisi lilikuwa linatusumbua. Na la kijijini nimeteleza, Chuma, niwie radhi. Mama katoa makohozi?

Chuma Chakavu: Wamempa kikopo. Anasema hawezi kutema mbele ya mkwewe. Kipo dirishani tangu jana, kitupu.