Gereji ya hapa Mtwara wameniulia gia boksi, halafu wananiambia nimlete "shemeji" waongee naye

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira. Nimeandika yote kwa sababu najua kuna mtu hapa Mtwara mjini ambaye gari lake limelala kwenye ile gereji usiku huu, na anaamini liko salama.

Gari ni Toyota IST, ile mpya, toleo lililoanza 2007. Nimelinunua kwa fedha ya vitenge na mgao wa kikoba, miaka minne nikiweka bila kugusa. Kadi ina jina langu. Ndilo linalobeba mzigo wangu kwenda Nanyamba na Tandahimba msimu wa korosho watu wakiwa na fedha mkononi, na ndilo linalompeleka mama yangu kliniki Ndanda. Mama ana miaka 71, mguu wa kulia haukunjiki vizuri. Kumpandisha ngazi za basi ni kumtesa, na kumshusha ni kumtesa mara ya pili.

Alhamisi nilipeleka gari sevisi. Kazi ilikuwa mbili tu: kubadilisha oili ya injini na filta yake, na kufunga stabilaiza linki mpya za mbele, maana zilikuwa zinagonga kila nikishuka kwenye vumbi. Tukakubaliana 185,000 pamoja na ufundi. Nikamwambia mwenye gereji wazi, "Kaka, Jumatatu alfajiri nina safari na mgonjwa, naomba Ijumaa jioni liwe tayari." Akasema, "Ondoa shaka dada yangu, gari yako ni kama yangu." Maneno hayo nayakumbuka kila siku, kwa sababu kweli alilifanya kama lake.

Ijumaa jioni, hakuna gari. Simu inaita haipokelewi. Jumamosi saa kumi na mbili jioni ndipo naitwa. Nafika, naambiwa deni ni 260,000. Nauliza imekuwaje, ananipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, mwandiko wa peni ya bluu, imejaa alama za vidole vya oili. Chini ya linki na filta kumeongezwa mistari miwili: "Haidroliki L4 – 60,000" na "Ufundi – 15,000". Haidroliki ni oili ya gia boksi, na mimi sikuiagiza. Nikamuuliza nani kasema ibadilishwe. Akanijibu, "Ilikuwa imechoka, tumekusaidia." Nikalipa shingo upande kwa sababu ya safari ya mama. Ile karatasi nikaikunja nikaiweka kwenye pochi. Namshukuru Mungu kwamba sikuitupa.

Nikaingia kwenye gari. Kiti kimesogezwa nyuma hadi mwisho. Mafuta niliyoyaacha zaidi ya nusu tanki, mshale umelala karibu na taa. Nina kawaida ya kupiga picha dashibodi kila ninapoweka mafuta au kuliacha gari kwa mtu, hesabu zangu za biashara zinataka hivyo. Alhamisi picha inasema 118,406. Jumamosi inasema 118,571. Kilomita 165! Kujaribu linki za mbele unahitaji kilomita 165? Hiyo ni kutoka mjini kwenda Mikindani na kurudi mara saba.

Usiku nikawasha tochi ya simu nikakagua nyuma. Viti vilikuwa vimelazwa na kurudishwa, mkanda mmoja umebanwa chini ya kiti. Kwenye kapeti kulikuwa na nyuzi za gunia la katani, zile za rangi ya majani makavu, na pembeni kwenye reli ya kiti korosho ghafi tatu. Nikazichukua mkononi, nikakaa nazo pale kwenye giza. Gari langu lilikuwa limebeba korosho za mtu. Nilitaka kwenda kumgongea usiku uleule, mama akanizuia, akasema twende kwanza kliniki, hayo tutayasema tukirudi.

Jumatatu tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Hadi Mingoyo gari lilikuwa linavuma kidogo, mvumo mwembamba ambao sijawahi kuusikia, nikadhani ni tairi. Tulipopita Mtama, kabla ya Nyangao, kwenye kilima cha kawaida kabisa, nikakanyaga mafuta na mshale wa RPM ukapanda hadi elfu nne huku mwendo unashuka. Themanini. Sitini. Arobaini. Injini inalia na gari halina nguvu. Nyuma yangu lori linapiga honi. Likatetemeka mara mbili tatu kama mtu mwenye homa, likasimama. Naweka D, kimya. Naweka R, kimya.

Mama yangu alikaa chini ya mkorosho kando ya barabara tangu saa mbili kasoro hadi saa tano. Mama mmoja wa kijiji cha pale, ambaye hatumjui wala yeye hatufahamu sisi, alitoa mkeka wake na uji wa mtama, akakataa fedha. Kijana wa bodaboda akatusimamishia basi na akasaidia kumbeba mama hadi mlangoni. Ndanda tukafika mchana, foleni ya kliniki imeisha, tukaambiwa turudi kesho. Tukalala kwa ndugu. Nawataja hao watu kwa sababu hawakuwa na deni lolote kwetu. Aliyekuwa na deni kwetu alikuwa amezima simu.

Gari la automatiki halivutwi kwa kamba huku matairi ya mbele yanazunguka chini, kwa hiyo ilibidi nikodi Fuso lilipandishe na kulirudisha mjini. 250,000. Nikalipeleka kwa fundi mwingine, aliyesomea VETA, mtu mzima asiye na maneno mengi. Akaniita nisogee nione mwenyewe. Akafungua nati ya chini ya gia boksi, oili ikatoka nyeusi, inanuka kuungua kama mpini wa sufuria uliosahauliwa motoni. Akatandika gazeti, akapitisha sumaku kwenye ile oili. Sumaku ikatoka na ndevu. Vichembe vya chuma, vidogo kama chenga za mchanga wa pwani, vinameremeta.

Akanieleza polepole. Gia boksi ya hili gari ni CVT. Haina gia moja, mbili, tatu kama tulizozoea. Ina puli mbili na mkanda wa chuma unaobanwa katikati yake. Oili yake ni maalumu, inalainisha lakini pia inaufanya ule mkanda ushike puli usiteleze. Ukiweka haidroliki ya kawaida, ATF ile ya magari mengine, mkanda unateleza, chuma kinasaga chuma, na ukibebesha mzigo mzito ndiyo unamalizia kabisa. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akanionyesha: pameandikwa CVT, herufi zimegongwa kwenye chuma chenyewe. Mtu aliyebadilisha ile oili alikishika hicho kijiti kwa mkono wake. Hakusoma, au alisoma akapuuza.

Sasa sikilizeni nilivyojibiwa. Nilirudi gereji na picha, na karatasi yao, na ule uchafu wa chuma kwenye chupa ya maji. Mwenye gereji hakunyanyuka kwenye benchi. Jibu la kwanza: "Dada, hii ni mtumba, kule Japani yenyewe ilishachoka." Nikamwonyesha kilomita. Jibu la pili: "Ni majaribio." Nikamwekea zile korosho tatu mezani. Akanyamaza, halafu akasema mbele ya wateja wawili, "Wewe mwanamke huyaelewi haya mambo ya gari. Mlete shemeji tuongee naye kiume, tutaelewana."

Shemeji yupi? Sina mume, na hata ningekuwa naye, gari si la mume. Sevisi nimelipa mimi, kitenge kwa kitenge. Alipokuwa anapokea 260,000 hakuuliza shemeji yuko wapi. Nilitetemeka mpaka chupa ikanidondoka.

Nilikuwa tayari, walahi nasema kweli, kumsikiliza kama angesema, "Dada, kijana wangu kakosea oili, tugawane hasara." Fundi ni binadamu, anakosea. Lakini siku kumi baadaye nilipigiwa simu na kijana aliyekuwa saidia fundi pale. Ameshaacha kazi, na ameniruhusu niseme hili. Ijumaa jioni, baada ya kubadilisha oili, bosi wake alimpa ndugu yake gari langu akabebe magunia ya korosho kupeleka ghala la chama cha msingi. Likatoka usiku, likarudi Jumamosi asubuhi linagoma kwenye kilima. Kijana akamwambia bosi kwamba gia boksi inateleza, mwenye gari anasafiri Jumatatu na mgonjwa. Akajibiwa: "Mpe gari yake. Itamfia mbele ya safari."

Someni tena hilo jibu. Alijua. Alijua kuna mgonjwa. Alihesabu kwamba nikikwama mbali, lawama itakuwa ya barabara na ya mtumba. Akapokea fedha yangu akiwa anajua. Hicho ndicho nisichokisamehe, kuliko hata gia boksi.

Na hasara yenyewe: gia boksi ya mtumba kutoka Dar pamoja na usafiri 1,400,000. Ufundi 200,000. Oili sahihi 160,000. Na lile Fuso. Jumla ni 2,010,000, bila kuhesabu wiki tatu za msimu nilizokaa bila gari wakati wenzangu wanauza. Sisi wa kusini tunajua maana ya kusubiri kifaa kitoke Dar, zaidi ya kilomita 550. Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga baada ya mvua na kimbunga Hidaya, mimi nilisubiri betri tu nikachoka. Mafundi wa aina hii wanaujua huo umbali, ndiyo maana wanatuchezea. Wanajua hatuna kwa kukimbilia.

Nilianza kwa mtendaji wa mtaa. Mwenye gereji aliitwa, akaja, akakiri mbele ya watu watatu kwamba "kuna makosa ya oili", akaahidi kulipa nusu ndani ya siku kumi na nne. Ikaandikwa, akasaini. Siku zikapita, simu haipatikani. Nikaenda polisi, nikaambiwa hayo ni madai, niende mahakamani. Msaidizi wa kisheria niliyemwendea ndiye aliyenifungua macho. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamgusa mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake: akiitumia nje ya makubaliano ikaharibika, fidia ni juu yake. Mimi nilimkabidhi atengeneze, sikumkabidhi abebee korosho. Na akasema madai ya kiasi hiki yanaanzia Mahakama ya Mwanzo, nitajieleza mwenyewe kwa Kiswahili changu hiki hiki.

Jina la gereji sitaliandika hapa, kesi inakuja na sitaki kumpa pa kujishikia. Ninachoomba ni hiki. Kama mwezi wa kumi na moja uliacha gari gereji hapa mjini, ukalikuta limetembea, mafuta yameisha, au kuna haidroliki hukuagiza, nitafute kwa ujumbe wa ndani. Angalia picha zako za zamani, huenda kilomita zinaonekana bila wewe kujua. Na wenye IST mpya na magari mengine ya CVT, kabla fundi hajagusa gia boksi mwambie achomoe kile kijiti akusomee kwa sauti kilichoandikwa. Akikasirika, chukua ufunguo wako uondoke.

Wale mtakaosema "ndiyo mafundi wetu, zoea", naomba mpite kimya. Fundi aliyenifungia gia boksi nyingine naye ni wa hapa hapa Mtwara. Alinipa ile ya zamani nikae nayo, akanipa makopo matupu ya oili nione alichoweka, na gari alilijaribu mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, hadi Mangamba na kurudi.

Mama aliniuliza jana kama bado nitamfuatilia yule mtu. Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na khanga yake ile anayoivaa kwenye shughuli, akauliza mahakamani ni siku gani. Ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Gia boksi iliyokufa iko kwenye turubai sebuleni, na ile karatasi ya haidroliki nimeitoa kopi tatu.