Riwaya ya Mwezini: naombeni mnikosolee sura ya tatu

kalamu_ya_mikindani
Wakuu, salaam. Naandika riwaya ya sayansi ya kubuni. Mwaka ni 2090, watu 40, wengi wa Mtwara na Lindi, wana koloni Mwezini, kwenye tambarare iitwayo Bahari ya Utulivu, walikotua Armstrong na Aldrin tarehe 20 Julai 1969. Sura ya tatu inakwenda hivi: Ramadhani inakaribia, watu wamevaa suti, wako nje wanatafuta hilali. Kijiwe cha angani kinatoboa ukuta wa bwalo, tundu la kupita kidole. Kufumba na kufumbua viti, masufuria na watu wawili wamefyonzwa nje. Katika vurugu hiyo Selemani, mbaya wa hadithi, anafungua mlango wa nje kwa mikono ili awamalize waliobaki. Lugha niachieni mwenyewe. Nikosoeni sayansi, na mkiweza nipeni vipimo.

fundi_presha
Mkuu, tundu la kupita kidole halimfyonzi mtu. Chukua tundu la sentimita 1 ya mraba, na hewa ya bwalo iwe sawa na ya hapa pwani, kilopaskali 100. Nguvu inayosukuma pale tunduni ni sawa na uzito wa paketi ya sukari ya kilo 1 hapa duniani. Mpishi anaweza kuliziba kwa kiganja, damu ikamvilia kidogo, basi.

Hewa itatoka kwa mluzi, takriban lita 20 kwa sekunde. Bwalo la mita 10 kwa 10 lenye dari ya mita 3 lina lita 300,000. Presha kushuka hadi asilimia 70 ni kama saa moja na nusu. Kufika nusu, karibu saa tatu. Nusu hiyo haiko mbali na hewa ya kilele cha Uhuru: kichwa kinagonga, watu wanabishana ovyo, hesabu ya kutoa inawashinda. Andika hapo. Watu wenye saa tatu za kuokoa bwalo, huku akili zinawapungua, wana hadithi kuliko watu wanaorushwa kama makopo.

Kulitafuta tundu ndiyo kazi. Hatua ya kwanza ni kufunga milango ya vyumba kimoja kimoja na kuangalia geji ipi inaendelea kushuka. Ya pili ni kufuata hewa yenyewe. Mwaka 2020 kwenye kituo cha kimataifa cha anga waliachia majani ya chai yaelee, wakaona yanakoelekea. Mwezini majani yataanguka sakafuni, maana uvutano upo, kwa hiyo wako watumie moshi: kijiti kimoja cha udi kinatosha. Wakilipata, ni gundi ya epoksi na kitambaa, kama walivyoziba tundu la milimita 2 kwenye chombo cha Soyuz kituoni hapo mwaka 2018.

Selemani naye hafungui kitu. Mlango wa mita 2 kwa 1 unaofungukia ndani unasukumwa na tani 20 za hewa. Mlango wa aina hiyo hujifunga wenyewe, na ndiyo sababu mafundi hutaka ufungukie ndani.

Anayekumbwa na ombwe kweli, yaani mahali pasipo na hewa, asikupasukie kama puto. Tarehe 14 Desemba 1966, kule Houston, bomba la suti ya Jim LeBlanc, fundi aliyekuwa akiijaribu, lilichomoka ndani ya chumba cha ombwe. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, akazinduka hewa iliporudishwa. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate kuchemka ulimini.

bamvua_lindi
Mimi nimekwama kwenye hilali. Jamani, hilali ndiyo hiyo ardhi waliyoikanyaga! Wataitafutia wapi?

Wakiinua macho watakachokiona ni Dunia, na usiku ule hilali inapoonekana Mtwara, kwao Dunia iko karibu duara kamili, kwa sababu sura zake ni kinyume cha za Mwezi. Haichomozi wala haizami. Pale Utulivu inaning'inia juu upande wa magharibi, ikiyumba kidogo tu mwezi mzima. Tena wao wako gizani, jua litawachomozea siku 4 hivi baadaye. Usiku wetu wa mbalamwezi wa tarehe 14 kwao ni mchana, na Dunia ni giza tupu. Mvuvi wa Msimbati anayejua bamvua na maji mafu akipelekwa kule atalazimika kuigeuza kalenda yake nje ndani.

Mchana na usiku mmoja wa kule ni siku 29 na nusu, kwa hiyo Ramadhani nzima ina macheo moja. Nani afungulie lini? Lipo la kushika: mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia aliporuka kwenda angani Oktoba 2007, wanazuoni wa kwao walimwongoza afuate saa za sala za mahali aliporukia. Kibla wakampangia kwa kadiri ya uwezo: Kaaba, ikishindikana usawa wa Kaaba, kisha Dunia, kisha popote. Kwa watu wako Dunia haihami, waashi wanaweza kuujenga msikiti wakiitazama.

Hata saa zetu zitawasumbua. "Saa moja asubuhi" ni saa moja tangu kupambazuke. Kupambazuke wapi?

Na neno "koloni" libadilishe. Msomaji wa Kilwa atakuuliza gavana ni nani. Sema makazi.

kalamu_ya_mikindani
Hilali imenimaliza, naifuta. Makazi nimekubali. Sasa Selemani afanye ubaya gani ambao si wa kufungua mlango?

fundi_presha
Azime feni na mtambo wa kuchuja hewa ukaa wakati watu wamelala. Mtu mmoja anatoa kama kilo 1 ya hewa ukaa kwa siku, na anatumia oksijeni gramu 840. Watu 10 wakilala kwenye bwalo lako lililofungwa, baada ya saa 24 hewa ukaa itakaribia asilimia 2: vichwa vinauma, pumzi fupi. Siku mbili na nusu hivi, imepita 4, hali ni mbaya. Oksijeni bado ipo tele. Hewa ukaa inawahi. Na bila feni, kwa uvutano ule mdogo hewa ya moto hupanda pole pole, kwa hiyo pumzi inaweza kutuama usoni pa aliyelala mapema zaidi.

Ukitaka spea zisizoingiliana, ziliwahi kutokea kweli: safari ya Mwezini ya Apollo 13, Aprili 1970. Makopo ya kuchujia ya chombo kimoja yalikuwa ya mraba, ya kingine mviringo. Waliunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada na utepe wa gundi.

mwl_fizikia_masasi
Mwandishi, umeme wa makazi haya unatoka wapi? Usiku wa Utulivu ni saa 354. Ukimpa kila mtu kilowati 5, kwa hewa, joto, maji na bustani, 40 wanahitaji kilowati 200, yaani yuniti 70,800 kwa usiku mmoja. Betri nzuri ya lithiamu inabeba kama yuniti 1 kwa kilo 5. Hizo ni tani 354 za betri. Ama uwape mtambo wa nyuklia, ama uwahamishie ncha ya kusini, ukingoni mwa kreta ya Shackleton, ambako jua huzunguka upeoni na paneli husimamishwa wima. Barafu nayo iko huko, ndani ya kreta zisizowahi kuona jua. Mwaka 2009 NASA ilibamiza roketi tupu kwenye kreta ya Cabeus na maji yakaonekana kwenye vumbi lililoruka. Kilo 9 za maji zinakupa kilo 8 za oksijeni. Ila ukihamia ncha, Dunia itakuwa inapotea nyuma ya upeo karibu nusu ya kila mwezi, na hoja ya msikiti ya bamvua_lindi inayumba. Chagua.

Uzito pia. Gunia la korosho la kilo 80 litanyanyuliwa kama la kilo 13, lakini likishika kasi kulisimamisha ni kazi ileile ya Masasi, na viatu havishiki chini. Mbebaji mgeni atajibamiza ukutani.

bamvua_lindi
Vumbi usilisahau. Ni vipande vya kioo na mwamba visivyowahi kulainishwa na maji wala upepo, na vinang'ang'ania nguo kwa umeme tuli. Siku tatu tu za Apollo 17, Desemba 1972, zilitosha kukwaruza vioo vya kofia na kukaza viungo vya suti. Mwanaanga Harrison Schmitt akabanwa na mafua. Walisema lina harufu ya baruti iliyokwisha lipuka. Wasomaji wa huku hawahitaji maelezo, baruti ya kuvulia wanaijua.

kalamu_ya_mikindani
Nabaki Utulivu, nawapa nyuklia. Swali dogo: mpishi apike maharage?

fundi_presha
Inategemea presha. Ukiwawekea kilopaskali 34 za oksijeni tupu kama vyombo vya Apollo, maji yatachemka kwenye nyuzi 72 na maharage hayataiva hata wakeshe. Kwa 70, ni nyuzi 90, yataiva kwa kuchelewa. Mpe sufuria la presha.