Mjadala: Duka la bondi likikutwa na baiskeli ya wizi, nani abebe hasara?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana limenigusa mfukoni na moyoni.

Baiskeli yangu iliibwa nje ya msikiti hapa Dar. Ni ya mtumba kutoka Japani, ya kike, yenye kikapu mbele; ndiyo inayompeleka binti yangu shule. Wiki tatu baadaye naikuta imening'inia kwenye duka la bondi, yale yanayokopesha hela kwa kushikilia kitu chako kama rehani. Imepakwa rangi nyeusi ya kopo, kikapu hakipo, siti si ile. Nikaomba niipindue. Chini, pale mhimili wa pedeli unapopita kwenye fremu, kuna namba zimegongwa, na siku niliyoinunua nilizipiga picha. Nikalinganisha tarakimu moja moja. Yangu.

Mwenye duka akaniambia, "Mimi nimetoa hela juu yake. Ukiitaka, nirudishie hela yangu." Shilingi 80,000. Nililipa, kwa sababu kesho yake mtoto alikuwa na mtihani. Bado naumia nikikumbuka kwamba nimenunua mali yangu mwenyewe.

Sheria haiko upande wake. Mwizi hawezi kukupa umiliki ambao yeye hana, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Tatizo liko hapohapo kwenye kujua. Kila duka linasema "sikujua", na kweli halikujua, kwa sababu halikuuliza.

Hoja yangu: anayenunua baiskeli iliyotumika au kuipokea bondi alazimishwe kuipindua, aandike namba ya fremu na namba ya NIDA ya aliyeileta. Namba ikiwa imesagwa kwa grenda, asiipokee. Asipoandika, hasara iwe yake. Uholanzi wanunuzi wa vitu vilivyotumika wanatunza rejesta ya namna hiyo, na Ufaransa tangu 2021 duka haliuzi baiskeli isiyo na alama ya utambulisho, hata ikiwa ya mtumba. Kwetu daftari la kaunta na kalamu vingetosha kuanzia.

Muuza mitumba, Ilala:
Pole kwa yaliyokukuta, ndugu, lakini unatutwisha mzigo usio wetu. Mimi nafungua kontena, baiskeli zimebanana kama dagaa. Zile zina karatasi za forodha. Shida inaanza zikishauzwa, maana zinapita mikono mitano na hakuna hata mmoja mwenye risiti. Wewe ulikuwa nayo? Halafu daftari likishakuwa sheria, kila mwenye kitambulisho cha kazi atapita dukani kulikagua, na ukaguzi unaisha kwa chai. Anayeuza kwa uaminifu ndiye atakayelipa. Anayenunua za wizi hana hata kibao nje.

Isitoshe za Japani zina stika ya polisi wa huko kwenye fremu. Mteja anaiona, anaridhika.

Mleta mada:
Hapo kwenye stika naomba tusipotoshane, mkuu. Japani sheria inamtaka mwenye baiskeli aisajili ili kuzuia wizi, na ile stika ina jina la polisi wa mkoa wake na namba ya usajili. Inakuambia kuna mtu aliisajili huko. Haikuambii nani aliichukua Manzese jana usiku. Yangu ilikuwa nayo, na bado iliuzwa.

Risiti sikuwa nayo, nakiri. Ndiyo maana sitaki kumbana muuzaji alete risiti. Nataka ajulikane ni nani.

Fundi, Shinyanga:
Huku kwetu baiskeli ndiyo daladala. Mtu akiibiwa, nyumba nzima inalala njaa. Nipo na mleta mada, ila tusichanganye feki na ya wizi.

Ya wizi nikiletewa, kwanza namtazama mtu kabla ya chuma. Siti imepandishwa kwa mrefu, na aliyeileta akikaa miguu haifiki. Namuuliza mnyororo unachomoka kwenye gia ipi, au breki ipi mbovu. Mwenye mali anajibu kabla hujamaliza, tena kwa malalamiko. Mwizi anasema "iko fiti tu". Kisha rangi: aliyepaka kwa haraka huacha rangi kwenye spoki, kwenye nati, hata juu ya cheni. Namba siyo lazima iwe chini, nyingine ziko kwenye bomba la siti au shingoni. Ukikuta sehemu imekwaruzwa mpaka inang'aa, achana nayo.

Feki ni habari nyingine. Stika ya chapa ya Phoenix inabandikwa kwenye fremu yoyote. Mimi naangalia maungio ya mabomba, kama yamechomelewa kwa uvimbeuvimbe, na ringi, kama inayumba kabla haijabeba mzigo. Ila usimhukumu mtu kwa vipuri. Baiskeli ya miaka kumi ina habu ya huku, pedeli ya kule, karia niliyochomelea mimi. Hiyo siyo feki, ni baiskeli iliyofanya kazi.

Mwenye duka la bondi, Mbagala:
Anayekuja kwangu saa tatu usiku ana mtoto hospitali. Hana NIDA, ana namba ya simu na baiskeli. Nimfukuze?

Mzee, Morogoro:
Sisi tulikatiwa leseni za baiskeli, na asiye na kibati aliwekwa pembeni ya barabara. Ilikuwa kero ya maskini. Msiirudishe kwa mlango wa nyuma.

Mleta mada:
Mzee wangu, shikamoo. Kibati kilimbana anayeendesha. Mimi namzungumzia anayefanya biashara, anayepata faida kwa kila baiskeli inayopita mikononi mwake. Mwendeshaji asiguswe wala asilipe chochote.

Ndugu wa Mbagala, usimfukuze. Mpige picha yeye na baiskeli yake, andika namba ya fremu na simu yake, mpe hela. Mwenye shida ya kweli hataogopa picha. Kisha, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, baiskeli ikae siku 14 kabla ya kuuzwa, bila kupakwa rangi wala kubadilishwa siti. Yangu ingekaa hivyo ningeitambua nikiwa barabarani.

Mwenye duka la bondi, Mbagala:
Picha naweza kuanza leo. Rangi sipaki, sijawahi. Siku 14 kwa ya bondi siyo shida, maana mwenyewe nampa mwezi mzima wa kuikomboa. Ila ile niliyonunua moja kwa moja, siku 14 hela yangu imelala. Siku saba.

Muuza mitumba, Ilala:
Saba hata mimi naweza. Lakini daftari akague nani?